Hati ya Kutokuwa na Wivu

Kuna nchi moja ambayo sitaitaja jina, si kwa woga, bali kwa sababu nilipoanza kuandika jina lenyewe lilikuwa bado linajadiliwa kamatini. Katika nchi hiyo Serikali inawapenda wananchi hata wakiwa ndani ya nyumba zao. Kwingine Serikali humpenda mwananchi akiwa kwenye foleni ya kura, au akiwa juani anapunga kibendera. Kwetu hapana. Kwetu Halmashauri ya Mji hukufuata mpaka mlango wa choo ikakuuliza kama kizingiti hakikukwazi.

Mpango wenyewe unaitwa Nyumba Isimtese Mwenyewe. Mwenye paa linalovuja, mwenye miguu isiyopanda ngazi, mwenye mlango mwembamba kuliko kiti chake cha magurudumu, wote hujaza fomu, na Halmashauri huwatengenezea bure. Nasema bure kwa maana ya kiserikali, yaani hulipi kitu ila subira.

Mwaka wa kwanza waliezeka nyumba ya mjane mmoja mtaa wa pili. Bati jipya likang'aa, majirani wakashindwa kulala mchana. Haikupita wiki, mawe yakaanza kudondoka juu ya bati hilo, na hakuna aliyeyarusha. Ndipo Waziri akasimama bungeni na kutoa hotuba ambayo watoto wa shule huikariri hadi leo: "Ndugu wananchi, tulikuwa na maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini. Tumepambana nao muda mrefu mpaka tumezoeana nao. Leo natangaza adui wa nne: wivu!"

Tangu hapo hakuna msumari wa Halmashauri unaogongwa kwenye nyumba ya mtu mpaka majirani zake tisa, wale wa shina lake la nyumba kumi, waweke saini kwenye Hati ya Kutokuwa na Wivu. Kila mmoja aape kwamba jirani akitengenezewa, yeye moyo wake utakuwa mweupe. Akikosekana mmoja, fomu inarudi chini ya rundo. Ni utaratibu mzuri sana. Nausifu kwa sababu kwenye shina letu mtu aliyekosekana nilikuwa mimi.

Naitwa Nurdini Chande. Kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa mkaguzi wa mizani katika masoko ya mji huu. Nimekamata mawe ya wauza nyama yaliyotobolewa ndani, nimekamata vibaba vyenye matako mawili. Naamini mshale wa mizani kuliko ninavyoamini viapo, na sijawahi kuidanganya Serikali hata siku moja. Yenyewe imeshanidanganya, lakini hayo ni mambo yake.

Naishi peke yangu. Mke wangu, Bi. Salma, alikwenda kumsalimia dada yake miaka sita iliyopita na bado anamsalimia. Kabla ya kuondoka alikuwa ameniomba mara kumi na moja nitengeneze ngazi ya pili ya mlangoni, iliyopasuka. Mara ya kumi na mbili hakuniomba. Alijikwaa, akanyanyuka, akajipangusa gauni, akafunga kibegi.

Mbele ya nyumba yangu, tukitenganishwa na kichochoro tu, anakaa Telesfori. Alikuwa fundi umeme, hodari kweli, hadi siku aliyoanguka kutoka kwenye nguzo na miguu yake ikakataa kazi. Nyumba yao ina ngazi nne na mlango wa kupitia ubavu. Kiti cha magurudumu alichopewa na kanisa hakipiti, kwa hiyo kinalala nje chini ya turubai, na yeye hulala ndani. Kila asubuhi mkewe, Redempta, humbeba mgongoni, akashuka naye ngazi nne, akamkalisha kitini, akamsukuma hadi kibandani kwao njia panda, ambako yeye hukaanga vitumbua na mumewe hutengeneza redio za watu.

Nami kila asubuhi nilikuwa dirishani. Si kuchungulia. Dirisha ni langu.

"Mama, taratibu, hujabeba gunia la mkaa!" Telesfori husema akiwa mgongoni.

"Mkaa ungekuwa na adabu," Redempta hujibu akihema. "Mkaa haungenipigia kelele sikioni."

Kisha hucheka wote wawili, yeye juu na yule chini, mpaka inabidi wasimame kwenye ngazi ya tatu wasije wakaanguka. Sijui walikuwa wanacheka nini. Mtu asiye na miguu na mtu mwenye maumivu ya mgongo, wanacheka kabla hata chai haijachemka! Nilikuwa naona uchungu nisioweza kuueleza, uchungu wa kimanjano, unaoanzia kooni.

Siku Redempta alipoleta Hati, majirani wanane walikuwa wameshasaini. Alisimama kwenye ngazi yangu iliyopasuka, karatasi ameikumbatia kifuani.

"Shikamoo, mzee Nurdini."

"Marahaba, mwanangu."

"Imebaki yako tu, mzee. Watatujengea mteremko wa saruji na kupanua mlango. Na huu mgongo wangu, mzee, hauniahidi kitu tena. Siku nikishindwa kumshusha, ndiyo basi, Tele hataliona jua."

Akanionyesha mchoro. Mteremko wa mita tano, vishikio vya bomba pande zote mbili, rangi ya kijani. Niliutazama mchoro ule kwa makini. Nikatazama ngazi yangu. Nikasema kile ambacho mtu mwaminifu lazima aseme.

"Mwanangu, hapa pameandikwa niape kwamba sina wivu. Mimi siwezi kuidanganya Serikali."

Akaishusha karatasi kutoka kifuani. "Kwa hiyo unao?"

"Ninao," nikasema. Na niliona fahari kidogo kwa kusema kweli.

Sheria inasema mwenye kukiri wivu apimwe. Wiki iliyofuata akaja Afisa Wivu Daraja la Pili, Bi. Leokadia, mwenye miwani na begi la Halmashauri. Akatoa chombo chenye mkanda wa kufunga mkononi, mpira wa kuminya na saa yenye mshale. Nilikijua mara moja. Kilikuwa kipimo cha presha cha zahanati, ila juu ya saa walikuwa wamebandika karatasi iliyoandikwa WIVU.

"Mzee, nitakutajia vitu vya jirani yako. Wewe usiseme neno, mwili utasema wenyewe." Akaminya mpira. "Redio."

Mshale ukakaa.

"Kiti cha magurudumu."

Ukakaa.

"Mteremko wa saruji, mita tano, vishikio pande mbili."

Ukapanda kidogo, kama mtu anayeinua nyusi. Wakati ule ule nje ikasikika sauti, "Mama, kona hiyo, utanikwaruza ukutani!" na kicheko cha Redempta kikafuata, kirefu, cha kushika mbavu. Mshale ukaruka mpaka mwisho wa saa ukagonga kile kijiti cha kuuzuia.

"Haya!" Bi. Leokadia akafurahi. "Nimeupata. Ni mteremko."

"Lakini dada, umeruka walipopita wale. Walipocheka."

"Mzee, fomu ina visanduku vya vitu. Kicheko si kitu." Kisha akanitazama juu ya miwani. "Au una presha?"

"Presha!" Nilikasirika. "Mimi tangu nizaliwe sijawahi kuwa na presha. Huo ni wivu, dada, andika wivu."

Akaandika. Akanisomea Kifungu cha Saba, ambacho ni kitamu kukisikia: mwenye wivu uliothibitishwa atatibiwa kwa kupewa kitu kile anachokionea wivu, tena atapewa kabla ya mwenye shida, ili mwenye shida naye aje apewe katika mazingira ya amani.

Kwa hiyo wakanijengea mimi.

Wakavunja ngazi zangu zote mbili, nzima na iliyopasuka. Wakamwaga saruji, wakasimika vishikio, wakapaka kijani. Mimi nina miguu miwili isiyo na hitilafu, napanda hata juu ya paa kuanua mhogo. Lakini niseme ukweli, niliposimama juu ya mteremko ule nikaitazama nyumba ya Telesfori na ngazi zake nne, nilijisikia vizuri. Hasa upande wa kulia wa kifua.

Siku ya uzinduzi alikuja Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri mwenyewe, na utepe, na ngoma, na mpiga picha. Mlengwa alihitajika awepo ili picha iwe na maana, hivyo Redempta akambeba Telesfori mgongoni kutoka kwao hadi kwangu, akamkalisha mstari wa mbele. Wakamvalisha fulana yenye picha ya mteremko.

"Ndugu wananchi!" Mheshimiwa akanguruma. "Mteremko huu msiuone saruji. Huu ni falsafa! Katika awamu zilizopita, mwananchi alitaabika kupanda. Awamu hii tumemwezesha kuteremka!"

Makofi. Telesfori naye akapiga makofi, maana ni mtu wa adabu. Mheshimiwa akapanda na kushuka mteremko wangu mara tatu, kwa kuwa mara mbili za kwanza mpiga picha hakuwa tayari. Kisha wakaondoka na utepe wao, nikabaki na kuku wa balozi wa shina letu, waliogundua kwamba mteremko ni mzuri kwa kuota jua.

Telesfori akaniita kabla mkewe hajambeba tena. "Mzee Nurdini, hongera. Umetoka vizuri kweli. Na sisi tutafuata, siyo?"

"Mtafuata," nikasema. "Aliyeko juu mngoje chini."

Nilidhani ni utani. Yeye hakucheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona hachekelei kitu.

Sasa wivu nao una ujirani wake. Majirani wanane waliokuwa wamesaini kwa moyo mweupe wakaja mmoja mmoja kuutazama mteremko wangu, na mioyo ikabadilika rangi. Wa kwanza kufuta saini alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, Bi. Kidawa. Alipimwa, mshale ukapanda, akawekewa bomba la kushikilia bafuni. Anaanikia kanga. Aliyemfuata alipanuliwa mlango mpaka ng'ombe anaweza kupita, na ng'ombe hana. Mwingine akajengewa choo cha kukalia chenye mikono miwili, akakifunga kwa kufuli akisema ni cha wageni. Kila aliyetibiwa alimuamsha mwenzake, na Bi. Leokadia akapandishwa cheo kuwa Daraja la Kwanza kwa kugundua wivu mwingi katika eneo dogo.

Kila mara fomu ya Telesfori ilirudi chini ya rundo, kwa amani kabisa.

Ilichukua mwaka na miezi minne. Shina letu likawa mfano wa taifa. Wageni kutoka mikoani waliletwa waone nyumba tisa zisizowatesa wenyewe. Ya kumi walipitishwa haraka, wakaambiwa iko kwenye mchakato.

Ndipo mgongo wa Redempta ukatimiza alichokisema. Asubuhi moja nikasikia "Mama, taratibu," halafu sikusikia jibu. Nilipochungulia, niseme sasa kwamba nilichungulia, alikuwa amepiga magoti kwenye ngazi ya pili, mikono imeshika ukuta, mumewe bado yuko mgongoni akimshika mabega na kusema, "Niache nianguke, mama, niache nianguke." Tulikimbia tukamshusha. Muuguzi wa zahanati akamfunga mkanda mpana kiunoni akamwambia maneno machache: "Ukimbeba tena, mtabebwa wawili."

Sisi majirani tulijitolea kumbeba Telesfori, kwa wiki ya kwanza. Wiki ya pili tulijitolea kwa maneno. Wiki ya tatu kila mtu alikuwa na mgongo wake.

Basi akakaa ndani. Kiti chake kikabaki chini ya turubai, kuku wakataga humo. Redempta alikwenda kibandani peke yake, akitembea kama amebeba sahani ya maji kichwani. Redio za watu zikarudi kwa wenyewe zikiwa mbovu vilevile. Wakati mwingine niliona uso wa Telesfori dirishani, unatazama mteremko wangu wa kijani. Nikimpungia mkono alinipungia. Asubuhi zikawa kimya, nikawa naisikia chai yangu ikichemka.

Katika kimya hicho akaja Bi. Leokadia kunipima mara ya pili. Akanifunga mkanda, akasoma orodha yake yote, redio, kiti, mteremko, mlango, mke, vitumbua. Mshale ulilala kwenye sifuri kama umekufa.

"Hongera, mzee!" Akanipa mkono. "Hujabakiwa na wivu hata chembe. Na wenzako wanane nimetoka kuwapima, wote sifuri. Haijapata kutokea nchini. Saini hapa."

Mimi ni mtu wa mizani. Nikagonga saa ile kwa ukucha, nikaukagua mpira, nikamwambia ajipime yeye kwa cheo cha mwenzake. Mshale ukaruka. Chombo kilikuwa kizima.

Nikaketi. Nikaelewa, na ninaandika hapa nilichoelewa kwa sababu kilinichoma. Hatukuwa tumepona. Pale ng'ambo hapakuwa na kitu kilichobaki cha kuonea wivu. Tulikuwa tumengoja mpaka yule mtu amalizike kabisa, ndipo mioyo yetu ikawa myeupe. Niliona aibu, aibu yenyewe, ile inayomfanya mzee atazame vidole vyake vya miguu. Miaka thelathini na mmoja nawakamata wenzangu kwa mawe yaliyotobolewa, kumbe nyani haoni kundule.

Nikasaini. Bi. Leokadia akaikunja Hati akaitia begini.

Mlango wa Telesfori ulipanuliwa, na mteremko ukajengwa kwa wiki tatu. Walianzia barabarani wakapanda kuelekea mlangoni, na walipofika juu ulikuwa umepungua kama hatua moja kuufikia mlango. Nikamwonyesha msimamizi pengo lile.

"Mchoro unaishia hapa, mzee," akasema. "Mlango uko nje ya mchoro."

Nyumbani nilikuwa na bamba la chuma la mizani ya magunia, nililozawadiwa siku ya kustaafu, limeandikwa jina langu. Nililiburuta mwenyewe, nikaliweka juu ya pengo, nikaligonga kwa nyundo likakaa sawa. Nilimwambia Redempta lilikuwa linanijazia nafasi stoo.

Lilibaki jambo moja. Kifungu cha Kumi na Mbili kinataka, siku ya kwanza ya matumizi, majirani wapimwe kwa mara ya mwisho ili faili lifungwe. Akipatikana hata mmoja mwenye wivu, mteremko unavunjwa, naye anatibiwa upya. Bi. Leokadia akapima nyumba nane asubuhi, zote salama, akaja kwangu wa mwisho. Tulikaa nje, juu ya mteremko wangu, mkanda umenibana mkono.

Mlango mpana ukafunguka. Telesfori akatoka kwenye kiti chake, kimefutwa mayai, shati amelifunga hadi shingoni. Gurudumu likapita juu ya jina langu likagonga kama kengele. Redempta alikuwa nyuma yake, ameshika kiti kwa mkono mmoja na kiuno kwa mwingine. Wakasimama pale juu. Telesfori akalitazama jua, akafumba macho, akafumbua.

"Mama," akasema, "miaka yote umenibeba. Leo panda wewe."

"Acha wazimu, Tele. Watu wanatuona."

"Waone. Panda!"

Akapanda. Yule mwanamke mzima, na mkanda wake wa mgongo na kanga yake, akajikalia mapajani kwa mumewe mbele ya shina zima. Telesfori akaachia magurudumu. Wakashuka wakipiga kelele, kiti kikayumba, kikagonga kishikio cha kulia, kikafika chini, kikaingia kwenye ua wa Bi. Kidawa kati ya kuku, na kile kicheko nilichokuwa sijakisikia kwa miezi kikajaa kichochoro chote.

Uchungu ule wa kimanjano ukanishika kooni. Nilitaka kulia. Nilikuwa na mteremko wa kijani wa mita tano, na sikuwa na mtu wa kumwambia panda.

"Mzee!" Bi. Leokadia alikuwa ameishikilia saa kwa mikono miwili. Mshale ulikuwa umegonga kijiti na bado unasukuma. "Mzee Nurdini, hii nini?"

Nikatazama chini kichochoroni. Redempta alikuwa anajaribu kusimama, na kila akisimama kicheko kinamkalisha tena.

"Presha," nikasema.

"Uliniambia hujawahi kuwa na presha."

"Imeanza leo, dada. Uzee."

Alinitazama juu ya miwani. Kisha akakibandua kile kikaratasi cha WIVU, akaona chini yake neno lililokuwapo tangu kiwandani, akaguna. Akaandika kwenye faili: hana wivu, ana presha. Akanishauri nipunguze chumvi.

Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwa Serikali. Serikali iliupokea vizuri tu, imeuzoea.

Siku hizi nakula mboga isiyo na chumvi, na kila asubuhi wakipita naona wivu mpaka kwenye kucha. Sijamwambia mtu. Lakini jioni ile ile ya kupimwa nilichukua karatasi nikamwandikia Bi. Salma kwa dada yake. Nilimuuliza kama amemaliza kusalimia. Nikamwambia ile ngazi ya pili haipo tena, na kwamba nasikitika, haikuwa kazi ya mikono yangu.